Fundi Geji Akataa Kusaini

Watu wana macho makavu, jamani! Kaka yangu ametengeneza ndege ndogo miaka thelathini na moja, karakana nzima inamwita Fundi Geji, halafu mtu asiyejua hata kushika bisibisi anamwambia amepitwa na wakati.

Mimi ni mdogo wake, na ndimi mtunza stoo wa karakana hiyo. Mama alipofariki, kaka ndiye aliyenilea. Miwani yake imefungwa uzi, na nyumbani kwake hapiti penye saa ya ukutani bila kuigonga kwa kidole aone kama mishale inakwenda. Wanawe humtania, "Baba, hiyo hairuki!" Naye hucheka kuliko wao.

Mwaka huu bosi, mwenye karakana, akaamua ndege yake kuukuu ing'olewe geji zote za mishale zinazomwonyesha rubani mwendo na kimo, iwekwe skrini mbili za kisasa. Msidhani kaka alipinga. Thubutu! Wiki tatu alilala chali chini ya dashibodi akipitisha nyaya, kila waya kaufunga kikaratasi chenye jina lake. Alisema jambo moja tu: zile geji muhimu za zamani zilizungushwa na upepo wa pampu ya injini, umeme ukikatika zinaendelea. Skrini zinategemea umeme. Bila betri ya akiba, zikizimika ndani ya mawingu, rubani hajui juu wala chini.

Betri hiyo haikuja. Najua, maana rafu yake ilikuwa tupu. Kaka alimwendea bosi mara tatu na fomu ya maombi mkononi.

"Itakuja baadaye, mzee," bosi akamjibu. "Umepitwa na wakati, usinipigie kelele."

Ajali haina kinga, sawa, lakini hata ya kujitakia?

Jumamosi wageni wakaalikwa kuona ndege ikiruka. Viti vikapangwa, rubani, binti wa watu, akaja na sare iliyopigwa pasi. Bosi akamsukumia kaka kitabu cha ndege, ambacho fundi asiposaini kuwa ndege ni salama, hairuki.

"Saini hapa. Hutaki, Jumatatu usije."

Ona jeuri hiyo! Mtu mzima na mvi zake anatishwa hadharani kwa sababu hataki kuua mtoto wa mwenzake!

Kaka akamgeukia rubani. "Mwanangu, washa injini, lakini usiondoke hapo. Skrini zikishawaka, zima umeme mkuu."

Binti akafanya hivyo. Injini ikaendelea kunguruma, ila skrini zote mbili zikawa nyeusi tii. Akazikodolea macho. Kisha akazima injini na kushuka.

Bosi akapaza sauti ili kila mtu asikie: "Mzee, mbona hukuniambia?"

Hukuniambia! Nilitaka kumrukia. Kaka akafunga kitabu bila kusaini, akamrudishia.

"Nilikwambia mara tatu, bosi, tukiwa wawili," akasema. "Hii ya nne nimeona nikwambie mbele ya wageni wako."