Wegesa, Boza na Redio ya Upepo

Wegesa alizaliwa Itiryo katika nyumba ya wafugaji, na hadi anaolewa Susuni alikuwa hajawahi kushika usukani wa kitu chochote. Gari alijifunzia kwa mumewe, Kisyeri, aliyekuwa na pikapu kuukuu ya kubebea ndizi na mahindi kwenda Sirari. Kisyeri alimfundisha ili apate wa kumpokea akichoka, au akilewa. Siku aliyompiga mbele ya wateja, kisha akampiga tena nyumbani kwa sababu wateja walimwonea huruma, Wegesa aliweka funguo za pikapu juu ya meza akatoka kwa miguu.

Kwao hawakumpokea vizuri. Ng'ombe wa mahari walishazaa, na baadhi walishatumika kumwozesha kaka yake, Vincent. "Mwanamke anarudi nyumbani kusalimia," Vincent alimwambia. "Harudi kukaa." Basi akaenda mbali kidogo, wilaya ya Serengeti, kwenye kambi ya watu waliokuwa wakitengeneza barabara upande wa Nyambureti. Alianza kwa kuosha mitambo. Dereva wa boza la maji alipougua na kurudi kwao, Wegesa akaomba kujaribiwa, akafaulu. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kuchota maji bwawani na kuyamwaga juu ya kifusi ili greda isawazishe.

Bwawa lilikuwa nyuma ya kilima, na nyuma ya kilima simu ilikuwa haishiki. Ndiyo maana magari yote ya kambi yalifungwa redio ya upepo, zile za kubonyeza na kuongea. Aliyezifunga alikuwa fundi mmoja wa makamo kutoka Sirari, Simioni, mtu asiyefanya kazi kimya. Alipofika kwenye boza alimwambia Wegesa apande akae, kwa sababu, alisema, "Hii kitu ikikataa, mimi sitakuwa hapo. Wewe ndiye utakuwa hapo." Akamwonyesha waya wa umeme na waya wa antena. Akamwonyesha na ile taa ndogo nyekundu inayowaka ukibonyeza maiki. Wegesa alisikiliza kwa adabu, akifikiria maji aliyokuwa akingojewa nayo barabarani.

Ajali ilitokea asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili. Boza lilikuwa limejaa, linapanda kutoka bwawani, na ukingo wa barabara ukakatika chini ya tairi la kulia. Halikubingirika. Liliinama polepole, kama mtu anayejilaza, Wegesa akikanyaga breki zisizosaidia chochote, likalala kwa ubavu ndani ya korongo.

Alipotulia, mlango wake ulikuwa chini yake, na chini ya mlango kulikuwa na udongo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya mlango uliobonyea na nguzo ya usukani. Alijaribu kuuvuta, akapiga kelele, akaacha. Mlango wa pili ulikuwa juu kabisa, kama tundu la kisima. Kioo cha mbele kilikuwa na nyufa tupu, na nje ya kioo kulikuwa na kichaka cha miiba kilichojaza dirisha lote. Alisikia maji ya tangi yakitiririka, na harufu ya dizeli ikaanza kuingia.

Simu hakuiona. Alipiga honi hadi masikio yakamuuma. Kilima kikaimeza.

Redio ilikuwa juu ya bega lake la kushoto sasa, imening'inia kwa skrubu moja, kiza kitupu. Alizungusha swichi yake mara kadhaa bila kupata hata mkoromo. Hapo ndipo sauti ya Simioni ilipomrudia: redio ikifa kabisa, usianze kuipiga makofi, anza na fyuzi. Akaufuata waya wa umeme kwa vidole nyuma ya redio hadi kwenye kifuko cha fyuzi, akakifungua kwa meno. Kauzi ka ndani kalikuwa kameungua.

Fyuzi nyingine ya ukubwa ule ilikuwa moja tu mahali alipoweza kufika, ya honi. Wegesa aliitazama muda mrefu. Honi ilikuwa inalia, na redio haikuwa na uhakika. Lakini honi alikuwa ameipiga, na hakuja mtu.

Kabla ya kuichomoa alijikumbusha kwamba fyuzi haiungui bure. Akapapasa tena waya, taratibu, hadi akakuta mahali ulipobanwa na bati la dashibodi ukachunika, shaba inagusa chuma. Akachana upindo wa kitenge alichojifunga kiunoni, akaufunga pale ulipochunika, akausogeza mbali na bati. Ndipo akachomoa fyuzi ya honi na kuipachika.

Redio ikawaka. Ilikoroma, na ndani ya mkoromo ule akasikia watu.

"...tangu asubuhi hajaonekana," ilisema sauti ya mbali. Ilikuwa ya Deus, kijana wa ofisini aliyekaa na redio kubwa ya kambi.

Wegesa alinyakua maiki, akabonyeza. "Kambi, Kambi, hapa boza! Nimeanguka, Deus, nimebanwa!"

Akaachia, akasikiliza.

"Kifusi kimekauka huku," alijibu Stanslaus, dereva wa lori la kifusi, mtu mzima ambaye madereva wote walimwita mzee. "Greda imesimama. Huyo mama yuko wapi?"

"Mzee, mimi nadhani amerudi kwa mume wake. Yule bwana wa Susuni si alikuja hapa juzi? Walisimama getini muda mrefu."

"Na boza je?"

"Labda ameliacha barabarani."

Wegesa alibonyeza tena akapiga kelele hadi koo likakwaruza. Ni kweli Kisyeri alikuja getini. Alisema atakuja tena na wazee, na Wegesa alimjibu kwamba aje hata na kijiji kizima. Deus aliona watu wawili wakizungumza, basi.

"Mwanamke akishafuatwa na mwenyewe, mzee..." Deus alisema, kwa sauti ya upole kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuumiza Wegesa kuliko mguu. Kijana aliyemwita dada kila asubuhi alikuwa ameshamrudisha Susuni bila kumuuliza, na yeye yuko hapa, anasikia kila neno, mdomo wake haufiki popote. Alilia kidogo. Kisha aliogopa kulia, kwa sababu kifua kilikuwa kinabana na hewa ya dizeli ilikuwa nzito.

Alipobonyeza mara nyingine ndipo alipotazama redio badala ya kuipigia kelele. Ile taa nyekundu haikuwaka. Kumbe muda wote alikuwa akiongea na kabini.

Alifuata waya wa maiki, ule wa kujikunja kama chemchemi. Kwenye shingo, unapoingia redioni, ulikuwa umevutwa ukakatika ndani. Akabonyeza huku akiupindisha, juu, chini, pembeni. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Alipopata pembe iliyoshika, alivua mpira wa nywele, akaufunga waya pale pale usicheze.

"Kambi, hapa boza."

Stanslaus na Deus wakaendelea kuzungumza habari za greda kana kwamba hakuna aliyesema.

Alitaka kuitupa ile maiki. Taa imewaka, kwa nini basi hawasikii? Akafikiri juu ya mkoromo. Siku zote sauti ya kambi huja safi. Leo Deus anasikika kama yuko ndani ya pipa. Basi shida ni antena. Alinyoosha mkono nyuma ya redio hadi bega likalia, akagusa kile kichwa cha waya mnene. Kilikuwa kimelegea, kinaning'inia. Akakisukuma ndani na kukikaza kwa ncha za vidole. Sauti ya Deus ikapanda papo hapo.

Aliita tena, na hakujibiwa. Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamkata maini. Fimbo ya antena ilikuwa juu ya paa upande wa kulia, na upande wa kulia ulikuwa chini ya boza. Imelala kwenye tope. Kambi ina mlingoti mrefu, na lori la Stanslaus antena yake imesimama wima, kwa hiyo sauti zao zinamfikia. Yeye sauti yake haivuki kilima. Tena Simioni alimwonya kwamba ukibonyeza muda mrefu antena ikiwa mbovu, redio inajichoma yenyewe. Aligusa mgongo wa redio. Ulikuwa wa moto.

Basi akaacha. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote alichokifanya siku ile, kukaa na maiki mkononi bila kuibonyeza. Jua lilisogea, kabini ikawa kama tanuri. Mguu ulikuwa umeacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi.

Kisha redioni ikaingia sauti ya kike.

"Toa mkono, Deus! Nimesema nipe hicho kitu. Stanslaus! Unanisikia?" Ilikuwa Agustina, mpishi wa kambi, mwenyeji wa Nyambureti, ambaye maishani mwake hajawahi kugusa redio. "Wegesa hajaenda kwa mume. Nguo zake ziko kwenye kamba, zingine bado zina sabuni. Mwanamke anayekwenda kwa mume anaacha nguo na sabuni? Na yule mwanamume nimemsikia mimi pale getini. Wegesa alimfukuza. Kaangalie kule kwenye maji, Stanslaus, wewe una binti!"

Alimaliza, lakini hakuachia kitufe. Wegesa alisikia sufuria alizokuja nazo zikigongana, Deus akisema, "Mama, achia, achia hapo," na Agustina akijibu kwamba haachii mpaka mtu aende. Na kwa muda wote aliobana kitufe, hakuna mwingine aliyeweza kusema kitu. Wegesa, kwenye joto lile, alicheka huku machozi yakimtoka.

Alipoachia kitufe na njia kufunguka, Stanslaus alisema, "Haya. Nageuza."

Wegesa alisubiri asogee karibu. Stanslaus aliposema amepita daraja, sauti yake ilikuwa na mkoromo. Aliposema amefika njia panda ya bwawa, mkoromo ulipungua. Aliposema, "Naona alama za matairi hapa, lakini boza silioni," sauti ilikuwa safi kama ya mtu aliye kiti cha pili.

Wegesa aliweka maiki mbali kidogo na mdomo, maana ukipiga kelele ndani yake maneno yanapasuka. Akabonyeza.

"Mzee Stanslaus. Wegesa hapa. Niko korongoni, mkono wako wa kushoto."

Akaachia kitufe, akatega sikio.

"Mama yangu," Stanslaus alisema. "Usizime. Nakuja."

Ilichukua tingatinga na minyororo kumtoa. Stanslaus alikata miiba, akaingia nusu mwili kupitia kioo, akamshika mkono muda wote huo. Mguu ulivunjika mahali pawili, lakini ulipona, ingawa hadi leo anachechemea akipanda ngazi.

Hospitalini Deus alikuja na maziwa, akakaa ukingoni mwa kiti. "Dada, naambiwa redio yako ilikuwa inapokea."

"Ilikuwa inapokea."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia yote, Deus."

Kijana aliinamisha kichwa. Baadaye Wegesa alimwambia, bila hasira, "Siku nyingine mtu akipotea, anza kumtafuta. Mambo ya mume wake utayauliza baadaye."

Wiki iliyofuata alikuja Vincent pamoja na Kisyeri. Waliingia na matunda, wakasalimia wodi nzima, na Kisyeri akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba amekuja kumchukua mkewe amuuguze nyumbani. Gari lilikuwa nje. Vincent alishaanza kukunja shuka. Mguu wa Wegesa ulikuwa ndani ya plasta kuanzia nyonga, umeinuliwa kwa kamba. Hata kugeuka ubavu alihitaji nesi.

"Siendi," alisema.

"Utakwenda wapi na mguu huo?" Vincent aliuliza.

"Kaka, sijui. Ila Susuni siendi. Weka shuka chini."

Kisyeri alimtazama Vincent, Vincent akatazama shuka. Nesi akaja akasimama karibu na kitanda, mikono mfukoni. Mwishowe Kisyeri alitoka, na Vincent akamfuata bila kuaga. Shauri la kurudisha ng'ombe wa mahari bado liko kwa wazee hadi sasa, na linaweza kukaa huko miaka.

Agustina ndiye aliyemchukua alipotoka. Alimtandikia kwake Nyambureti, kwenye chumba cha mbele, na Wegesa akaomba jambo moja tu: usiku mlango usifungwe. Agustina alisema kuna mbwa na kuna baridi. Kisha akaenda kutafuta jiwe la kuuzuia usijifunge.