Ukuta wa Mama Chance

Asubuhi Consolée alifungua lango akakuta ukuta wake umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HAIUZWI. Mjini Uvira maneno hayo huandikwa penye kesi, na mnunuzi alikuwa njiani kutoka Luvungi. Akiyasoma angegeuza pikipiki, na Chance, mwanawe, angebaki hospitalini bila kupasuliwa.

Ng'ambo ya barabara aliketi Mupenda, komisyoneri, yaani dalali wa nyumba anayelipwa komisyo, ambaye Consolée alikuwa amemwacha na kumpa kazi dalali mwingine, Nourdine. Miguuni pake palikuwa na kopo la rangi nyekundu na ndoo ya chokaa.

“Mama Chance, huyu mununuzi nani alimuleta hapa mara ya kwanza?”

“Ni weye,” Consolée akajibu. “Lakini Nourdine ndiye alimaliza kazi.”

“Basi tugawane komisyo naye. Ao ukuta uendelee kusema.”

Mngurumo wa pikipiki ukasikika.

“Mtagawana! Futa, nakuomba!”

Mupenda alipaka chokaa mbio mbio. Mnunuzi aliposimama, nyekundu ilikuwa imechanganyika na chokaa, na ukuta ulikuwa na rangi ya waridi.

“Munapaka ya nini?”

“Ya kukukaribisha, patron,” Mupenda akajibu.

Consolée alicheka pamoja nao, akamwingiza mnunuzi ndani upesi.