Mbwa wa Shangazi na Mafuriko ya Malaba

Shangazi yangu alipika katika nyumba za Wazungu wa Tororo mpaka akaota mvi. Uhuru ulipokaribia, nao wakaanza kufungasha, kila nyumba ilimwachia kitu: hapa sufuria, pale kiti kibovu, na karibu kila mahali mbwa. Wengine hawakumuaga hata. Walimfunga mnyama mlangoni kwake wakaenda zao. Paka walikuja wenyewe kwa harufu ya dagaa. Majirani walisema anawalea kwa sababu hakujaliwa mtoto. Yeye alisema mnyama aliyezoea kulishwa kwenye sahani hawezi kujifunza kuwinda uzeeni.

Nyumba yake ilikuwa bondeni, karibu na mto Malaba. Mwaka ule mvua iligoma kukatika. Mimi nilikuwa nimeolewa Busia, na wanawake wenzangu wa sokoni ndio walioniletea habari kwamba mto umeacha njia yake. Nikamwendea jirani yetu, Mwislamu aliyesafirisha pamba kwa lori. Nilimweleza mapema juu ya mbwa, maana nyumbani kwake mbwa hakukanyaga hata uani. Akauliza kama shangazi angekubali kuja bila wao. Nikasema hatakubali. Akaenda kutafuta turubai kuukuu.

Tulimkuta shangazi amesimama kwenye maji yaliyofika magotini. Alikuwa amewatia paka katika tenga la kuku, na mbwa wametulia juu ya kitanda chake, wamelowa, wanatetemeka. Mmoja, jike kipofu, shangazi alikuwa amembeba mgongoni kwa leso, kama mtoto. Alipomwona mwenye lori akainamisha uso.

"Haji, siwezi kukuomba hili," akasema. "Naijua dini yako."

"Gari linaoshwa, Mama," akajibu. "Nipe hilo tenga."

Alitandika turubai, akatuonyesha pa kuwafunga. Wapita njia waliokuwa wamejitwika magodoro walisimama kumtazama yule mwanamke mzee na mbwa wake mgongoni. Mwanamume mmoja alianza kucheka. Kisha akaweka mzigo wake chini, akaja kutusaidia kuwapandisha wale wakubwa. Dume mmoja mweusi alituponyoka akarudi ndani. Shangazi alimwita mpaka sauti ikamkauka. Ukuta wa nyuma ulianguka tukitazama, na mbwa yule hakutoka tena.

Tuliwapeleka Mukuju, kwenye ghala la pamba lililokuwa limejaa watu waliokimbia maji. Kina mama walilalamika, na walikuwa na haki, kwani watoto wao walikuwa na njaa. Kwa hiyo shangazi aliwapikia wote uji kwanza, na mbwa wake wakapata ukoko. Baada ya hapo sikusikia tena mtu akiwafukuza. Watoto waliwalalia kupata joto.

Shangazi alimlilia yule dume kwa siri, akijifanya moshi unamchoma macho. Nilikaa karibu naye nikachochea kuni.

Maji yalipopungua hakurudi bondeni. Alipewa kiwanja kidogo pale pale Mukuju, akajenga, akazeeka na wanyama wake, wakamtoka mmoja mmoja. Kila Idi mke wa Haji alimtumia mifupa ya mbuzi kwenye lori, imefungwa vizuri kwa majani ya migomba, na salamu kwamba ni ya wageni wake.