Jinsi samaki asiye na kichwa alivyokaribia kumkosesha rafiki yangu mke

Wakuu, niaje.

Nimekwama hapa Gilgil nikingoja mvua ipungue, nikaona niwape hii. Picha sina. Lakini mhusika mwenyewe yuko humu jukwaani, na akithubutu kukana nitamtaja kwa username.

Tumuite Kibe. Ni rafiki yangu wa kitambo, analima viazi huko juu Sachangwan. Ana miaka arobaini na kitu kama mimi, na alikuwa hajaoa mpaka akakutana na Akinyi, mwalimu wa nursery hapo Nakuru. Baba yake Akinyi alistaafu reli, na familia bado inaishi mtaa wa Bondeni, hapo hapo Nakuru.

Shida ilianza siku ya kwanza Kibe alipoenda kujitambulisha.

Aliwekewa ugali na samaki mzima. Sasa wale mmekulia kule baridini mnajua: kwa nyanya zetu samaki alihesabiwa upande wa nyoka. Kibe hakuwa amewahi kumeza hata omena, wale dagaa wadogo. Akaona aibu kukataa, akangoja watu waangalie TV, akamtia samaki kwa mfuko wa koti.

Samaki alianguka wakati wa maombi ya kufunga.

Mzee hakupaza sauti. Alimwambia tu, "Kijana, siku utarudi hapa, kuja na samaki umevua kwa mkono wako mwenyewe. Nijue mmepatana."

Bila hiyo asionekane tena mlangoni. Na Akinyi alishasema wazi kwamba hataolewa bila baraka ya babake.

Ndio Kibe akanipigia simu.

Mimi nimetangatanga hii Rift yote. Nimekata maua, nimechimba visima, nimelinda hoteli. Lakini miaka yangu mitamu ilikuwa Naivasha, na ni huko boss mmoja alinifunza kuvua bass, yule samaki wa mdomo mpana, kwa rod nyepesi, ile fimbo ya kuvulia. Yangu ni nyembamba kama kiboko cha mwalimu, na line yake ni kama uzi wa kushonea. Utamu wake ni huo. Samaki mdogo tu anakutoa jasho.

(Kibali ninacho. Msinianzishie kwa comments.)

Tukashuka Naivasha asubuhi moja ya Oktoba, mawingu yamekaa chini na baridi ya kutosha.

Nilikuwa na sababu yangu pia. Ziwa lilipopanda lilimeza plot ya nyumba nilikokuwa nimepanga, na nilitaka kuiona. Mwenye boti akatupeleka mpaka pale. Paa na nusu ya madirisha ndizo zimebaki juu ya maji, majani ya ziwa yamejaa kwa veranda. Dirisha langu nililijua kwa grili, ile nilipaka rangi ya kijani mimi mwenyewe. Vioo vilishaenda, na vyuma viwili havikuwepo.

Wakuu, tulivua samaki ndani ya sitting room yangu.

Nilimwonyesha Kibe jinsi ya kurusha chambo kupitia lile pengo, mpaka pale kochi lilikuwa. Mara ya kwanza akanasa pazia. Mara ya pili akanasa kofia yangu. Nikajitolea nimvulie, akakataa katakata, eti mzee ataangalia samaki usoni ajue.

Kwa hicho chumba niliwahi kuwa mtu wa furaha sana. Nikakaa kwa boti nikifikiria kwamba sasa bass ndiye tenant. Sikujua nicheke ama nilie.

Ghafla rod ikapinda na samaki akakimbilia bedroom.

Nikamwambia Kibe alegeze, asivute kwa nguvu, line itakatika. Yeye alikuwa anamwongelesha samaki kwa Kikuyu, kwa ile sauti ya kubembeleza ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Wakazungushana hapo mpaka nikaogopa atagonga ukuta. Mwishowe samaki akatoka dirishani amechoka. Urefu wake ni kama kiganja na nusu. Kibe alipangusa macho akasema ni moshi. Kwa ziwa, wakuu.

Sasa sikilizeni kosa.

Tulipofika nchi kavu nikabaki nyuma nikiagana na mwenye boti. Kurudi, nikapata Kibe ameshamkata samaki kichwa na kumrushia marabou, wale ndege wa upara husimama hapo kama walinzi wa benki.

Alinieleza kwamba kwao mbuzi akichinjwa, kichwa ni supu ya wachinjaji. Hakipelekwi mbele ya mkwe.

"Na pia alikuwa ananiangalia," akaongeza.

Mimi pia ni wa huko huko kwao. Sikuona makosa. Tukapanda matatu ya Nakuru tukiimba.

Bondeni, mathe wa Akinyi akafungua karatasi tuliyomfungia samaki. Akamgeuza samaki upande huu, akamgeuza ule.

"Kichwa kiko wapi?"

Wakuu, kwa hiyo nyumba kichwa cha samaki ni cha mwenye boma. Kumpelekea mwili mtupu ni kama kumwalika mzee mkutanoni halafu umnyime kiti. Pia, samaki bila kichwa ni wa friza ya supermarket, na mathe aliuliza hivyo hivyo, kwa upole unaotisha.

Kibe akaonyesha mlangoni. Akasema, "Kiko kwa gari, mama."

Hatukuwa na gari.

Mzee akanigeukia mimi. "Basi wewe kilete."

Nikatoka mbio mpaka kwa akina mama wanaouza samaki barabarani. Bass hakuna. Tilapia wote wameshakaangwa. Kichwa kibichi kilikuwa kimoja tu, cha mbuta, yule samaki wa Victoria anayeweza kufika ukubwa wa mbuzi. Kilikuwa kama mpira wa miguu. Mtu mwenye akili angerudi akasema ukweli. Mimi nilikibeba.

Mathe alikipokea kwa mikono miwili. Akakiweka kwa sinia, akaupanga ule mwili wetu nyuma yake. Ilionekana kama kichwa cha trela kimefungiwa wheelbarrow.

Mzee akavaa miwani. Akazunguka meza polepole.

"Huyu samaki," akasema, "alikuwa na mawazo mengi."

"Ni wa Naivasha, baba," Kibe akajibu. "Wa huko huanza kukua kutoka kichwani."

Akinyi akakimbilia jikoni, tukasikia sufuria ikianguka. Mzee akakaa chini, mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda nilidhani ameshikwa na ugonjwa. Alikuwa anacheka.

"Akinyi, njoo," akaita akipangusa miwani. "Huyu unaweza kuolewa naye. Siku akikudanganya, utajua kabla amalize sentensi."

Hapo Kibe akamwaga yote, kutoka kwa dirisha mpaka kwa marabou.

Mathe akapika vyote viwili. Mzee akavunja nyama ya shavu la mbuta, akaiweka kwa sahani ya Kibe. Nyumba nzima ikamgeukia.

Kibe akafunga macho. Akatafuna. Akameza.

Halafu akaomba pilipili.

Nilichojifunza: ukienda kwa wakwe, uliza mapema nani hula sehemu gani. Na kama lazima udanganye, angalau danganya kwa kipimo cha samaki wako.

Haya, wale mmeoa ama kuolewa mbali na kwenu, mlichafua wapi siku ya kwanza? Semeni bila aibu. Kibe anasoma, na anahitaji kampani.