Chumvi ya Ng'ombe kwenye Mtambo wa Maji

Mama mkwe wangu alitia chumvi ya ng'ombe kwenye mtambo wetu wa kulainisha maji, na alifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Naanza na hilo kwa sababu siku yenyewe sikuanza na hilo. Nilianza na kelele.

Nyumba yetu iko Pasiansi, juu kwenye mawe. Ukisimama barazani unaliona ziwa lote, maji yanayotoa povu ukiyagusisha sabuni tu, lakini sisi tunatumia ya kisima tulichochimba kwenye mwamba, maana ya bomba huku juu yanapanda yakijisikia. Maji ya kisima chetu ni magumu. Sabuni inakatika ndani yake kama maziwa yaliyoharibika, birika linaota ukoko mweupe, na shati jeupe likifuliwa mara tatu linakuwa la rangi ya jivu. Ndiyo maana tukafunga mtambo: mtungi mrefu wa bluu unaonifika kifuani, na pembeni yake pipa la chumvi. Ndani ya mtungi kuna punje ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, na kazi yake ni kunasa chokaa maji yanapopita. Zikijaa chokaa zinachoka. Hapo mtambo unavuta maji ya chumvi kutoka kwenye pipa, unazisuuza, chokaa inatoka, nazo zinaanza upya. Fundi alinieleza yote hayo siku aliyoufunga, nami nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Mama mkwe alikuja kwetu kutoka Magu baada ya baba mkwe kufariki. Ng'ombe waligawanywa, wengine wakauzwa, zizi likabaki tupu, na wanawe wakakubaliana kwamba asikae kule peke yake. Alishuka na begi moja na mfuko wa chumvi nyekundu ya mifugo iliyobaki. Mke wangu alipomuuliza ya nini huku mjini, alisema chumvi haitupwi.

Mimi ni mtoto wa mjini, nimekulia kwenye nyumba ya Waislamu wa makabila yote, na kwetu mama mkwe ni mama. Unakaa naye, mnakunywa chai, mnateta majirani. Kwao sivyo. Katika ukoo wao mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa mbali. Hali chakula nilipo, hapiti karibu yangu, hanitazami usoni, na akiwa na neno analipitisha kwa binti yake. Mimi nilikuwa namwamkia kutoka mlangoni, "Shikamoo mama," naye anaitikia "Marahaba" akiutazama ukuta. Tuliishi hivyo miezi minne. Nami sikuwa nimeona kwamba mwanamke aliyeamka alfajiri maisha yake yote kwenda kukamua sasa anashinda kwenye kiti cha plastiki uani kwetu, hana la kufanya.

Asubuhi moja mke wangu, ambaye ni muuguzi, alisema huku akikimbilia zamu kwamba mtambo umedhoofu, utakuwa na njaa ya chumvi. Alikuwa anatania. Mama alimsikia, na mnyama aliyedhoofu kwa kukosa chumvi yeye anajua dawa yake. Alipobaki peke yake akafunua pipa, akamimina mfuko wote.

Siku ya tatu maji yakatoka na rangi ya chai nyepesi, na sabuni ikagoma kabisa. Nikafunua pipa, nikakuta tope jekundu. Chumvi ile ina madini ya chuma na mchanga mchanga. Ng'ombe ananawiri nayo, ila punje za mtambo zinakabwa. Nilijua hapo hapo ni nani. Na kwa kuwa kumgombeza mkwe ni mwiko, nikaligombeza pipa. Nilisimama uani nikaliuliza, kwa sauti ya kumfikia jirani, kama limewahi kuona mtu anashika kitu asichokijua na kukiharibu. Kiti cha plastiki kilikuwa hatua kumi kutoka pale, na yeye alikuwa amekikalia. Nina hasira za karibu, nimeshaambiwa sana.

Jioni mke wangu alikaa kitandani bila kuvua sare yake ya kazi. "Mama anaondoka Jumamosi," akasema. "Anarudi Magu."

"Kwa nani? Kule hakuna mtu."

"Ndiyo hivyo. Anasema miaka yote hakuwahi kumkosea ng'ombe, leo amekosea pipa lako. Anasema nyumba asiyoweza kuifaa siyo yake."

Nilimwona kichwani akifungua mlango wa nyumba ile yenye zizi tupu, na nikaona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo.

Fundi nilimpigia simu kesho yake. Akaniambia nifunge maji, nifungue kichwa cha mtungi, nitoe punje zote, nizioshe hadi tope liishe, kisha niziloweke kwenye maji yenye ndimu ya unga, ile ile ya kutia kwenye juisi. Zikirudia rangi yake, nimepona. Zisiporudia, nikazimwage.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikaupindua mtungi juu ya mabeseni. Mke wangu alikuwa zamu. Angerudi saa tisa amsindikize mama stendi. Mama alikuwa mlangoni pa jikoni, amevaa nguo za safari, begi miguuni. Punje zikamwagika zikiwa za rangi ya kahawia chafu, ndogo kuliko mtama, zikiteleza kama mayai ya samaki. Nikaanza kuziosha kwa viganja viwili, nasugua kwa nguvu kama mtu anayefua soksi.

"Mwambieni huyo anayeosha asisugue," mama akauambia ukuta. "Atazivunja."

Nikageuka. Uani tulikuwa sisi wawili tu. Nikaelewa, nami nikaugeukia ukuta wangu. "Mwambieni mama nimesikia. Ila tope halitoki."

Kisha nikasikia kanga ikifungwa kiunoni. Alichukua beseni lake, akachota punje, akaketi upande wa pili wa ua akiwa amenipa mgongo nusu. Watu wa Magu wanalima mpunga, na kutenganisha mchele na mawe wanajifunza kabla ya kujifunza kusoma. Aliyazungusha maji kwa mkono mmoja, taratibu, mchanga ukazama chini, punje nyepesi zikaelea, akaliinamisha beseni zivuke ukingo hadi jingine. Kwenye la kwanza pakabaki mchanga mwekundu mtupu. Hakupoteza hata punje moja. Nami nikaacha kazi, nikamtazama tu. Nilikuwa nimekaa miezi minne na fundi ndani ya nyumba nisimjue.

Tulipozitia kwenye maji ya ndimu, maji yakageuka kama kutu. Tukayamwaga, tukatia mengine, yakageuka tena. Mara ya tatu, jua lilipokuwa juu ya kichwa, wekundu ukaanza kuisha na punje zikatokea chini yake, za rangi ya asali, zinapitisha mwanga. Nilichota kiganja kizima nikakiinua. Nimesoma, nimeyatumia maji yale miaka miwili, na sikuwahi kuziona. Mwamba wa Pasiansi umekaa hapo kabla hajazaliwa mtu wa kuuita jina, maji yameuramba hadi yakawa magumu kama wenyewe, na hivi vidude visivyoonekana vizuri bila miwani vinauvua mwamba kutoka kwenye maji. Mwili ulinisisimka. Sioni haya kusema hivyo.

"Muulizeni, hizi zinafanya nini hasa?" mama akauliza.

Nikamweleza kupitia ukuta, na safari hii nilikuwa naelewa ninachosema: kwamba zinashika ugumu wa maji mpaka zinajaa, zikipewa chumvi zinauachia, kisha zinashika tena, hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka.

"Na hazichakai?"

"Zinachakaa polepole sana."

Akazitazama muda mrefu, mkono wake ukiwa umetulia ndani ya beseni. "Mungu ana mambo," akasema.

Tukazirudisha mtungini, kila mmoja kwa zamu, mmoja akimimina mwingine akikaa mbali. Nikalisugua pipa, nikatia chumvi nyeupe, nikaacha mtambo uvute na kusuuza. Halafu nikakinga maji kwenye chupa, nikakwangulia sabuni, nikatikisa. Povu likapanda mpaka kwenye kifuniko. Nikaiweka chupa katikati ya ua aione.

Hapo nikaacha ukuta. "Mama," nikasema, "juzi nilipayuka. Kosa halikuwa lako, hakuna aliyekuonyesha. Nisamehe." Alinawa mikono kwenye maji yale, akanawa tena, akawa anausugua mgongo wa kiganja kwa kidole gumba kama anayetafuta utando wa sabuni uliokuwa ukibaki pale.

Geti likalia, mke wangu akaingia. "Mama, uko tayari? Tukichelewa magari ya Magu yatajaa."

Mama hakumgeukia. Alininyanyulia uso, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Mkwe," akasema, "pipa hili linatiwa tena lini?"

"Wiki ijayo, mama. Ila mimi huwa nasahau."

"Basi nionyeshe chumvi yake ni ipi."