Kitambaa Kwenye Bomba la Moshi

Nikipita Kibuli, mtaa wa Kampala, bado nainamisha uso, maana kuna watu pale niliowalaza chini mchana kweupe, na mkononi sikuwa na silaha yoyote, nilikuwa na kitambaa tu.

Miaka ile ya utawala wa jeshi magari mapya yalikuwa hayaingii, na mimi nilikuwa nimechoka kutembeza vitenge vya tajiri huko Nakawa, nikitaka kuanza kazi ya teksi. Nikasikia sajenti mmoja wa Kibuli, Baba Zubeda, amehamishiwa kaskazini na anauza gari lake. Ufundi nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada na kwa kusimama nje ya gereji mpaka nifukuzwe, basi nikajiona daktari wa injini na kuapa kwamba mimi siuziwi gari bovu.

Nikafika, nikasalimia, nikagusa boneti. Ya moto! Kitabu kilisema muuzaji anayepasha injini kabla hujafika anaficha kitu (injini mbovu ikiwa baridi huwaka kwa shida), na mtu mwenye akili angeuliza tu gari limetoka wapi, lakini nani siku zile alimuuliza mwanajeshi swali linalonusa kama "unanidanganya"? Nikaamua kupima kimyakimya. Nikamwomba awashe, nikazunguka nyuma, nikaziba bomba la moshi kwa kitambaa, kwa sababu injini nzima ikizibwa hivyo huzimika. Ikazimika. Mwingine angeridhika, ila mimi nikitoka nyumbani hurudi kuhakikisha nimefunga mlango (na nikishahakikisha, hurudi tena), kwa hiyo nikaomba arudie, kisha arudie, mpaka sajenti akashuka, akanipa ufunguo, akaenda kusimama kando ya mtaro. Nikakaa, nikawasha, kitambaa nimekisahau humo humo, na petroli yote iliyokuwa imejikusanya ndani ya bomba ikalipuka kwa mlio mmoja ambao Kampala nzima wakati ule iliujua.

Muuza ndizi akalala. Wazee wawili waliotoka msikitini wakalala. Sajenti aliwatangulia wote, yumo mtaroni na magwanda yake, uso kwenye tope. Aliyebaki ameketi wima ni mimi peke yangu, nimeshika usukani.

Mama Zubeda akatoka jikoni na mikono ya unga, akatazama kitambaa kinachofuka moshi barabarani, akamtazama mumewe.

"Baba Zubeda, toka huko. Ni motoka yako imepiga chafya."

Akacheka mpaka akakaa kizingitini. Majirani wakainuka wakacheka nao, kwanza kwa uangalifu, halafu bila uangalifu wowote. Nikaungama yote, hata habari ya boneti.

"Si ungeuliza?" akasema Mama Zubeda. "Imenileta saa hii kutoka soko."

Sajenti akajipangusa tope polepole, bila hasira, na hilo likanitisha zaidi.

"Kijana, injini iko muzuri?"

"Nzuri sana, afande."

"Basi wewe siuzii. Ukipita hapa na hii motoka, kila mutu atakumbuka mimi katika mutaro. Chukua kitambaa yako, enda."

Gari likanunuliwa na mtu wa Kansanga. Nililiona mara nyingi limejaa abiria, likipanda mlima bila kukohoa, mimi kando ya barabara na mzigo wa vitenge begani. Tangu hapo nikiwa na shaka nauliza kwa mdomo. Naogopa, lakini nauliza.