Golikipa Niliyemtoa Uwanjani

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Karatu, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikabidhi begi la huduma ya kwanza, halafu akanipeleka uwanjani kuokota mawe. Mimi, muuguzi mwenye cheti, gauni jeupe limepigwa pasi! Nilinuna kweli. Tukaokota mawe, tukang'oa miiba, tukatikisa milingoti ya goli kuona kama imeshika ardhini, kisha tukakagua njumu na kuwavua wachezaji pete.

"Sista," akaniambia, "vijana wa huku kucheza wanajua. Kutoka uwanjani ndiko hawajui. Mchezaji akikwambia yuko salama, usimwamini upesi."

Baadaye nilihamishiwa kijiji cha Oloipiri, ambako vijana walicheza na makubazi ya matairi nami nikashinda nikifunga vidole. Nikarudishwa Karatu. Huko ndiko nilikokutana na mechi ya vijiji viwili, Buger na Qurus.

Golikipa wa Buger aliitwa Paskali. Siku hiyo kocha wa timu moja ya Arusha alikuwa amekuja kumtazama. Kijana akaruka kudaka kona, kichwa kikagonga mlingoti, akaanguka. Akainuka, akatabasamu, akaweka glavu zake vizuri. Damu hakuna. Hapo ndipo wengi hukosea: ubongo ukitikisika ndani ya fuvu, nje huoni kitu, na pigo la pili linaweza kuua.

Nikaingia. "Mnacheza na nani leo?"

Kabla hajafungua mdomo, mashabiki nyuma ya goli wakapayuka: "Qurus! Sema Qurus!"

"Qurus," akasema.

"Matokeo?"

"Moja bila!" uwanja mzima ukamjibia. Loo! Nilitamani kuwachapa wote.

Mwenyekiti wa ligi akanijia mbio. "Sista, usituharibie. Mgeni amefunga safari kwa ajili ya huyu."

Hata mama yake, aliyesimama kando ya goli, alinipigia kelele: "Mwache mwanangu, sista! Leo ndiyo siku yake!"

Nikamsogelea kijana. "Paskali, umekuja na nani uwanjani?"

Hilo hakuna aliyemjibia.

"Na baba," akasema. "Si yule pale, kasimama na mama?"

Baba yake tulikuwa tumemzika kabla ya masika.

Mama aliingia uwanjani mwenyewe. Akamvua mwanawe glavu, moja baada ya nyingine, akamshika mkono kama mtoto wa chekechea. Njiani kwenda hospitali kijana alitapika, na mimi niliogopa sana. Alilazwa, akapona. Yule kocha aliondoka na golikipa wa Qurus.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mnaoanza kazi hii mtasemwa sana, siwafichi. Mtu uliyemwepusha na balaa haioni hiyo balaa. Anaona mechi uliyomnyima. Inauma. Paskali siku hizi anaziba pancha pale mjini, na kila nikipita ananitangaza mbele ya wateja: "Huyu sista ndiye aliyenikatia safari ya Arusha! Saa hizi mngekuwa mnanitazama kwenye televisheni!"

Juzi nilimkuta mama yake kwenye benchi la hapo, anachambua maharage. Kijana akaanza tena maneno yake. Nikamwambia, "Mama Paskali, hebu mkanye mwanao, nimezeeka mimi."

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Mwache aseme, sista," akanijibu. "Mimi nakuja hapa kumsikiliza tu."